Ngome ya upepo haisimami: anza kwenye soketi, kitambaa baadaye

Simu nyingi kuhusu ngome za upepo za watoto huanza na maneno yaleyale: “Fundi, imetoboka.” Ukifika, iwe Tabata au Mbezi, unakuta kitambaa kizima, zipu ya nyuma iko wazi na watoto wamenuna sebuleni. Matundu ya kweli yapo, ila ni machache kuliko watu wanavyodhani. Tatizo kubwa la vitu hivi hapa Dar ni umeme, na baada ya umeme ni njia ya upepo kuingia. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata upepo unakotoka hadi unakoishia: soketi, waya, mota, mdomo, zipu, mishono. Kitambaa ndicho cha mwisho kulaumiwa.

Kwanza jua unayo ipi, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Ya feni ni hema la kitambaa chepesi kama cha mwavuli. Lina mdomo unaovishwa mbele ya feni ya boksi, na mtoto anaingia ndani yake kucheza. Ya bulowa ni ile ndogo ya kurukia, turubai nzito ya nailoni na mashine ya upepo iliyounganishwa na bomba la kitambaa. Hizi mbili zinapuliziwa muda wote zinapotumika, na upepo kutoka kwenye mishono yake ni jambo la kawaida. Ukisikia unafuka kidogo kwenye kona, acha, ndivyo zilivyoshonwa. Ya tatu ni ya plastiki ya PVC, unaijaza kwa pampu na kuziba vali. Hiyo haitakiwi kuvuja hata kidogo.

Kabla ya ukaguzi wowote, watoto watoke ndani na plagi ichomolewe. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu soketi nyingi mitaani zimefungwa kinyume, hivyo swichi inakata waya usio na moto.

Imegoma kabisa, mota kimya

Anza na yanayochekesha: angalia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kama ina yuniti, halafu angalia kama swichi ya soketi imebonyezwa. Ukitaka kuipima soketi, chomeka taa au pasi. Usitumie chaja ya simu kama kipimo, kwa sababu chaja nyingi zinafanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Zitakuambia umeme upo hata kama ni hafifu kiasi cha kushindwa kuzungusha mota.

Sababu ya pili kwa wingi ni plagi. Vifaa vingi vinakuja na plagi ya miguu miwili, na soketi zetu ni za matundu matatu. Kila mtu anajua mbinu ya mtaani: unachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, vifuniko vya ndani vinafunguka, miguu miwili inaingia. Inaingia, ila inakaa kwa kulegea. Kila mtoto akigonga waya, cheche inapiga humo ndani mpaka shaba inakuwa nyeusi. Kalamu nyingine zinabaki humo moja kwa moja. Nunua adapta nzima, au mwambie fundi abadilishe plagi. Kama waya wa bulowa una nyaya tatu ndani, plagi iwe ya miguu mitatu na waya wa eathi ufungwe, usikatwe.

Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake. Ikikatika, weka ya ukubwa uleule. Kuweka waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kualika moto.

Kama mota imefanya kazi muda mrefu kisha ikazima yenyewe, inawezekana imepata joto na kinga yake ya ndani imekata. Iache ipoe nusu saa sehemu yenye hewa. Ikiwaka tena, tafuta kilichoipasha joto: mara nyingi mdomo wake wa kuvuta hewa umezibwa na pazia au vumbi.

Halafu kuna feni ya shangazi. Ngome za feni nyingi zinaletwa kutoka Marekani, na ndugu mwenye upendo anatuma na feni yake humohumo kwenye boksi. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kikisema 120V 60Hz, feni hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 itazunguka kwa kasi ya ajabu kwa muda mfupi, itatoa harufu, na mwisho wake ni hapo. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kuiokoa, mradi uwezo wake wa wati uzidi wa feni. Hata hivyo umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kidogo na kupata joto zaidi. Ushauri wangu: feni ya Marekani iache Marekani. Chukua vipimo vya mdomo wa ngome, nenda Kariakoo, nunua feni ya boksi ya volti 230.

Inanguruma lakini haizunguki

Zima mara moja. Mota iliyokwama huku ina umeme inapika koili zake ndani ya dakika chache, na tatizo la elfu chache linageuka kuwa la kusuka mota upya.

Plagi ikiwa nje, zungusha panga kwa kijiti kupitia wavu. Zikigoma, kuna kitu kimekwama: soksi, kipande cha puto, uzi wa pazia, nywele za mwanasesere. Zikizunguka kwa uzito na mlio wa kusaga, beringi zina kutu. Hili linawakuta zaidi wakazi wa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, hasa bulowa ikiwekwa barazani. Hewa ya chumvi haihitaji mvua kuharibu chuma.

Zikizunguka laini lakini mota haijianzishi, kuna watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni umeme mdogo. Nguvu ya mota ya namna hii kuanza inashuka haraka kuliko umeme wenyewe: volti zikipungua asilimia 10, nguvu ya kuanzia inapungua karibu asilimia 19. Saa moja na mbili usiku, kila nyumba inapowasha vitu vyake, mitaa mingi ya pembezoni inapata umeme wa kuazima. Jaribu asubuhi. Ikiwaka asubuhi na kugoma jioni, mashine ni nzima.

Wa pili ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachofungwa ubavuni mwa mota ya bulowa. Ikivimba, ikipasuka au ikizeeka, mota inanguruma tu. Kapasita ni bei nafuu, lakini inahifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi na inaweza kukupiga. Kama hujui kuitoa chaji kwa usalama, hapa ndipo mwisho wako, mpelekee fundi wa mota. Mwambie aweke yenye mikrofaradi zilezile zilizoandikwa ubavuni, na volti zisiwe chini ya za awali.

Mashine ikirudi kutoka kwa fundi, angalia inazungukia upande gani. Mshale upo kwenye kava la bulowa nyingi. Nyaya za kapasita zikifungwa vibaya, mota inageuka kinyume, na bulowa ya aina hii ikizunguka kinyume haivuti upepo, bado inapuliza mbele, ila kwa unyonge. Mteja anaweka mkono, anasikia upepo, anaridhika. Nyumbani ngome inabaki imeinama, na lawama zinahamia kwenye kitambaa.

Inapanda nusu, halafu inalegea

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Kagua kwa mpangilio huu, usiruke.

Zipu ya kutolea upepo. Iko nyuma au chini, imefichwa chini ya kikunjo, wakati mwingine ni mbili. Aliyeikunja mara ya mwisho aliifungua ili upepo utoke, na hakuifunga. Pitisha mkono kuizunguka ngome yote kabla ya kufikiria kitu kingine.

Mdomo. Kwenye ya bulowa, bomba la kitambaa likisokotwa hata mara moja, upepo unakabwa. Lifunge kwa mkanda wake kwa nguvu, lilale limenyooka, na bulowa ikae mbali kiasi kwamba bomba halina makunjo. Kwenye ya feni, mdomo uvishwe feni nzima hadi kwenye fremu yake, kona zote nne. Ukiacha upenyo, upepo unarudi nyuma kupitia hapo badala ya kuingia.

Aina ya feni. Hapa wengi wananunua ngome bila feni na kujaribu ile ya kusimama iliyopo nyumbani. Feni ya duara yenye wavu mpana inapoza mtu vizuri, lakini haina ubishi mbele ya mgandamizo, upepo ukikutana na kizuizi unapitia pembeni mwa panga na kurudi. Utaona paa limeinuka kwa unyonge na kuta zimelegea. Feni ya boksi ina fremu ya mraba inayobana upepo usirudi. Hakuna ujanja wa kamba na gundi unaochukua nafasi ya fremu hiyo, na kuifunga feni ya kawaida kwa mashuka ili “isivuje” kunazuia mota yake kupoa.

Feni imegeuzwa? Inatokea. Nyuma ya feni inavuta, na ngome inanywea badala ya kuvimba.

Nafasi ya kuvuta. Mgongo wa feni au ubavu wa bulowa unahitaji hewa. Iweke angalau nusu mita kutoka ukutani, mbali na pazia. Mtu akipita na kanga au mtandio unaoburuta, mdomo wa bulowa utauvuta, kwa hiyo wavu wa kinga usitolewe kamwe, hata kama fundi amesema “bila wavu inapuliza zaidi”.

Vumbi. Mulika panga za feni kwa tochi ya simu. Kwenye ukingo wa mbele wa kila panga utaona mstari wa utepe wa kijivu, umeshikana kama sufi, mnene kiasi cha kuushika kwa kucha. Utepe huo unakula upepo mwingi kuliko mtu anavyoweza kuamini. Fungua wavu plagi ikiwa nje, futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kausha kabisa ndipo urudishe.

Waya. Ekstensheni ndefu na nyembamba inapunguza volti njiani. Ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake, inapata joto pia. Ikunjue yote. Bulowa ndogo za nyumbani huwa kati ya wati 300 na 700 hivi, na kubwa za sherehe zinafika wati 1,000 na zaidi. Ukiunganisha moja ya hizo kwenye ekstensheni ileile ya friji, birika na spika, usishangae. Na jenereta ndogo ya kuchanganya mafuta na oili mara nyingi hushindwa kuianzisha bulowa hata kama wati zilizoandikwa zinaonekana kutosha, kwa sababu mota inapoanza inataka umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Jenereta yoyote ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua.

Watoto. Ikisimama vizuri tupu na kulegea wakiingia, soma kibandiko cha uzito. Sherehe ya kuzaliwa ina watoto wa mtaa mzima, na kibandiko kinasema watatu.

Mishono. Sasa ndiyo kitambaa. Mshono uliofumuka kiasi cha vidole viwili au zaidi unatosha kulegeza ngome. Ya feni na ya bulowa zinashoneka: tumia uzi wa polista au nailoni, mistari miwili, na kipande cha turubai nyuma yake. Uzi wa pamba unaoza kwa unyevu wetu. Kwa turubai nzito nenda kwa fundi wa maturubai au wa viti vya magari, cherehani ya kushona sare haina nguvu hiyo.

Jambo moja kuhusu sebule: wengi wana pangaboi. Ngome ikipanda inaweza kufika kwenye mapanga yake, au mtoto anayeruka akainua mkono. Pangaboi lizimwe na swichi yake izibwe kwa gundi ya karatasi mpaka mchezo uishe. Kama dari ni fupi na kilele kinaigusa, peleka ngome pengine.

Ya kujaza na kufunga: asubuhi imekaza, usiku imelegea

Si lazima iwe inavuja. Plastiki mpya inatanuka siku ya kwanza, utaongeza upepo mara moja au mbili. Na ukiijaza mchana wa joto kisha ukawasha kiyoyozi, hewa ya ndani inasinyaa na ngome inalegea bila tundu lolote. Ndiyo maana pia usiijaze mpaka ikaze kama ngoma asubuhi halafu uiache barazani jua likiwaka.

Ikiendelea kulegea kila siku, kagua vali kwanza. Mchanga, unywele au chembe ya biskuti kwenye kizibo inatosha kabisa. Isafishe, funga, paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Kisha paka povu kwenye maungio, halafu kwenye sakafu yake, ambako visigino na vipande vya Lego vinafanya kazi yao. Tundu likipatikana, lizungushie kalamu kabla povu halijakauka.

Kuziba: toa upepo wote, safisha kwa kitambaa chenye spiriti, kausha, weka kiraka cha PVC na gundi ya PVC, kandamiza kwa kitu kizito usiku mzima. Solusheni ya baiskeli ni ya mpira, haishiki PVC, itabanduka ndani ya wiki. Supa gluu inakauka ikawa ngumu na kukatika plastiki ikijikunja. Na usiishone, kila tundu la sindano ni tundu jipya.

Madoa meusi na harufu ya stoo

Imekunjwa ikiwa na unyevu, basi. Masika ya Machi hadi Mei yanamaliza ngome nyingi kuliko watoto. Isimamishe, ifute kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha kwa maji matupu, na iache ipuliziwe kivulini hadi mishono ikauke. Klorini inadhoofisha uzi na tabaka la kitambaa. Jua kali la siku nzima nalo linaichakaza. Ukiihifadhi, iweke juu ya rafu ndani ya chombo chenye mfuniko, si kwenye gunia sakafuni. Panya wa Dar hawabagui. Kama madoa yameingia upande wa ndani wa kuta ambako mkono haufiki, ngome hiyo itapuliza kuvu usoni mwa watoto kila ikiwashwa. Mtoto mwenye pumu asiingie humo.

Mtoto anatoka amelowa jasho au anakohoa

Hewa ya ndani ya ngome ya feni ni ileile ya nyuma ya feni. Kama nyuma yake kuna dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la mkaa au ubani, unaupeleka moshi huo moja kwa moja kwa mtoto. Hamisha kimoja. Desemba hadi Machi hata hewa safi ni ya moto, kwa hiyo mlango wa ngome ubaki wazi na zamu ziwe fupi. Mtoto asilale humo, na mtoto mchanga asiingizwe.

Umeme umekatika watoto wakiwa ndani

Ya feni inashuka taratibu, ya bulowa inashuka na uzito wa turubai. Mtu mzima mmoja ainue paa mlangoni na awaite kwa majina watoke, wadogo kwanza. Kama hakuna mtu mzima wa kukaa hapo, ngome isiwashwe. Plagi ichomolewe palepale, maana umeme ukirudi mara nyingi huja kwa kishindo. Subiri dakika chache utulie.

Harufu ya kuungua, soketi ya moto, mtekenyo ukigusa

Hapa hakuna ukaguzi wa kujaribu. Watoto nje, kata umeme kwenye swichi kuu, usiguse bulowa yenyewe, usimwage maji. Moto ukishika, Zimamoto ni 114. Kama ni mtekenyo tu, bado usiiwashe tena: ama eathi haipo, ama unyevu umeingia kwenye mota, ama vyote viwili. Vivyo hivyo kwa swichi kuu inayokata kila ukiwasha. Watu wanairudisha mara tano mfululizo wakidhani ina kiburi, kumbe ndiyo inayowalinda. Wiring ya nyumba ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Ukuta umevimba kitambi

Ndani ya kuta kuna vipande vya kitambaa au plastiki vinavyovuta pande mbili zisitanuke. Kikikatika kimoja, ukuta unatoa kitambi, na vya jirani vinabeba mzigo wake mpaka navyo vikatike. Kwenye ya bulowa, fundi wa maturubai anaweza kufumua mshono wa nje, kufunga kipande kipya na kushona tena, ni kazi ya siku nzima na utailipia. Kwenye ya PVC hakuna anayefika humo ndani. Ukipunguza upepo itasimama kwa kulegea wiki mbili tatu, kisha itapasuka mtu akiwa juu yake. Itoe upepo na uikate kabla jirani hajaiokota.